Mjini, shamba, au kule katikati: kupima pa kukaa Zanzibar

Mpwa wangu ana miezi minne tangu aolewe. Yeye ni muuguzi Hospitali ya Mnazi Mmoja, mumewe anasomesha skuli moja upande wa Dunga, na kwa sasa wanakaa chumba kimoja kwa wakwe, Kikwajuni. Ijumaa moja baada ya sala walikuja kwangu, wakaniamkia, kahawa ikatoka, na kabla kikombe cha kwanza hakijesha bibi harusi akafungua mkoba akatoa karatasi.

"Mjomba, tuna pahala patatu. Kuna vyumba viwili vya kukodi Kiponda, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili. Kuna juu ya nyumba ya bibi yake mume wangu, hapo hapo Kikwajuni, kuta zimesimama, kuezeka tu. Na kuna kiwanja nyuma ya Mwanakwerekwe, bei yake nzuri. Wapi pazuri?"

Nikamwambia swali lake ukilisikia ni moja, lakini ndani yake mna matatu. Kuna pa kulala: unapotoka asubuhi ukafika kazini, na jioni ukarudi bado una nguvu ya kuzungumza na mwenzio. Kuna pa kuweka fedha, ili akiba isiishe kwenye harusi na misiba ya watu. Na kuna pa kuwa na watu: nani atakugongea mlango ukiwa hujaonekana tangu asubuhi, nani atamshika mtoto ukiitwa zamu ya ghafla. Wengi wetu tunakitwika kiwanja kimoja kazi zote tatu, halafu tunakilaumu. Kumbe kununua kiwanja mbali hakukulazimishi kwenda kulala mbali. Mtu anaweza kukodi mjini miaka sita huku matofali yake yanapangwa polepole shamba, na hilo si aibu wala si kutojipanga.

Lakini ili uyatenganishe hayo matatu, lazima ujue kila mahali panatoa nini na panachukua nini.

Wazee walikuwa na mgawanyo mwepesi: mjini na shamba. Mjini ni Mji Mkongwe na Ng'ambo yake, kilichobaki chote ni shamba. Mgawanyo huo umekufa na hesabu za sensa zinaonyesha ulivyokufa. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Mwaka 2022 ukawa na 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na hawakuingia Shangani wala Malindi, kwa sababu huko hakuna pa kuingia. Wamekwenda Fuoni, Tomondo, Kwarara, Kijitoupele, Mwera, wakapanda na barabara ya Bububu. Yaani wako kule katikati, pahala ambapo si mjini na si shamba tena, na ndipo penye fumbo lenyewe. Mji Mkongwe na Ng'ambo nitavipitia kwanza, kwa sababu vinajulikana.

Kuta nene, ngazi nyembamba

Nimekaa Mji Mkongwe miaka mitano, Sokomuhogo. Raha yake haina mjadala: Darajani kwa miguu, hospitali kwa miguu, bandarini kwa miguu. Ukuta wa mawe na chokaa una unene wa mkono mzima, kwa hiyo saa saba mchana ndani kuna ubaridi wa mtungi. Mpwa wangu akitoka zamu ya usiku atakuwa kitandani kabla wenziwe wa Fuoni hawajapata gari.

Sasa upande wa pili. Vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, na si kwa sababu mafundi walipenda hivyo. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka haitoi zaidi ya mita tatu hivi. Chumba kikafuata mti. Siku niliyohamia nilileta kabati la milango mitatu, mahari ya mke wangu karibu yote ilikuwa mle. Likafika kwenye kona ya ngazi, likagoma. Tukalirudisha nje, tukalifunga kamba, vijana wanne juu ya dirisha na wawili chini, likapanda likigonga ukuta, na kila lilipogonga ungaunga wa chokaa ulitumwagikia machoni. Tulipohama tuliliacha. Nadhani liko mle mpaka leo.

Chokaa hiyo ndiyo gharama isiyotajwa na dalali. Nyumba ya mawe hupumua. Maji yakiingia ukutani lazima yapate pa kutokea. Mtu akija na saruji akapiga plasta juu ya chokaa, unyevu unafungiwa ndani, boriti zinaoza kimya kimya, na siku moja kipande cha dari kinaanguka. Tangu 1985 kuna Mamlaka ya kusimamia hifadhi ya mji huu, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia, kwa hiyo huwezi hata kubadilisha dirisha kwa kujiamulia. Ni sawa. Lakini fundi wa chokaa ni ghali na ni wachache, na nyumba nyingi ni za Wakfu, za Serikali au za warithi ishirini wasioelewana nani anunue bomba la paa. Siku ya Krismasi mwaka 2020 Beit el Ajaib yenyewe, katikati ya ukarabati, iliporomoka upande mmoja ikaua watu wawili. Kama jumba la Sultani lina uchovu huo, ngazi ya Kiponda usiipande bila kuangalia juu.

Kwa mpangaji, jaribu ni hili: lala chali uangalie dari. Michirizi ya kahawia kwenye boriti ina maana paa linavuja. Na muulize mwenye nyumba kama ana mpango wa kugeuza kuwa nyumba ya wageni, maana mtalii analipa kwa usiku mmoja kile unacholipa wewe kwa wiki nzima au zaidi, na hilo wenye nyumba wote wanalijua.

Ng'ambo, na ghorofa zisizo na lifti

Ng'ambo imeitwa hivyo kwa sababu palikuwa na ghuba ya maji, Pwani Mdogo, iliyoitenga na Mji Mkongwe. Maji yalifukiwa, jina likabaki. Watu wakiambiwa Ng'ambo hufikiria msongamano na mitaro. Vyote vipo. Lakini mimi, kwa maoni yangu, nikitakiwa kuchagua pa kulea watoto wadogo nisingetoka Kikwajuni au Miembeni. Nyumba zimebebana, kila mtu anajua mtoto wa nani amepita na ameshika nini mkononi. Baraza moja ina wazee watatu wasio na kazi ila kutazama njia, na ulinzi huo hulipii.

Unacholipa ni siri zako. Mpwa wangu alicheka niliposema hivyo, mumewe hakucheka. Kukaa juu ya bibi maana yake ni kwamba sufuria likifunikwa chini linasikika juu, na ukirudi saa tano usiku kesho yake utaulizwa. Na kuna jambo zito zaidi ya hilo: nyumba ile ni ya bibi. Fedha mtakazoezekea ni zenu, paa ni la mirathi. Bibi akifariki, Mungu amzidishie umri, warithi watahesabu nyumba kama ilivyo, na risiti zenu za bati hazina fungu katika faraidh. Kama ni kujenga juu ya nyumba ya familia, liandikwe mapema, bibi akiwa hai na mashahidi wakiwepo, kwamba fedha hizo ni deni au ni zawadi. Kuuliza hivyo kunaonekana utovu wa adabu. Kutouliza kumevunja ndugu wengi zaidi.

Michenzani ni kitu cha peke yake. Majumba yale marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yaliingia pahala pa nyumba za udongo, na wengi walipewa badala ya nyumba zao zilizovunjwa. Vyumba vina nafasi, upepo upo, kila kitu kiko karibu. Lifti hakuna. Na maji kupanda ghorofa za juu yanataka pampu, na pampu inataka umeme. Mwaka 2008 waya wa chini ya bahari uliharibika tukakaa giza karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 ukaharibika tena, mpaka Machi 2010. Waliokaa juu ndio waliojua uzito wa ndoo. Waya mpya ulianza kazi 2013 na hali ni nyingine kabisa sasa, lakini mama yangu mdogo, aliyekuwa ghorofa ya tano, hajasahau, na bado ana madumu sita yamejaa jikoni.

Kule katikati

Sasa kiwanja. Neno "nimenunua kiwanja" linatupitisha haraka mno. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi, Namba 12 ya 1992, imeliweka hivyo: ardhi ni ya Serikali, raia anapata haki ya matumizi. Familia nyingi ziligaiwa eka tatu tatu kwa kulima. Hizo eka ndizo zilizokatwakatwa futi kwa futi zikawa mitaa. Kwa hiyo anayekuuzia mara nyingi ni mjukuu wa aliyepewa kulima, na karatasi atakayokupa ni mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa.

Saini ya sheha inathibitisha kwamba sheha amekuoneni mkiuziana. Si hati. Hati inatoka Kamisheni ya Ardhi, baada ya kupimwa, na huko ndiko pa kwenda kuuliza kabla hujatoa hata shilingi ya kishika mkono. Uliza pia warithi wa eka hiyo ni wangapi. Ukiambiwa saba na mmoja yuko Maskati, subiri simu ya huyo wa Maskati, kwa sababu ndiye atakayekuja na wakili nyumba ikifika linta.

Halafu kuna miti. Kwa mazoea ya visiwani mwetu, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Jirani yangu mmoja alinunua, akajenga, akahamia, na wiki ya pili akaamka akamkuta mzee asiyemjua yuko juu ya mnazi uani kwake, anaangua. Mzee akashuka taratibu, akamsalimia vizuri, akamwambia mnazi ni wa mama yake. Na ulikuwa wa mama yake kweli. Waliuziana mnazi ule peke yake, baada ya vikao vitatu.

Jambo jengine ni njia. Eka ikikatwa bila ramani, kila anayeuza anaacha kichochoro cha kupita yeye na baiskeli yake. Miaka kumi baadaye kuna nyumba arobaini, na gari ya maji, ya wagonjwa wala ya zimamoto haifiki hata mlango mmoja. Mimi nikitazama kiwanja huanza na njia: simama barabarani, halafu hesabu hatua mpaka kiwanjani ukijifikiria umebeba mgonjwa.

Na maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Unguja haina mito mikubwa. Mvua inanyesha, inazama kwenye mawe ya matumbawe yenye matundu kama sponji, na chini huko maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi yatokayo baharini, kama mafuta juu ya mchuzi. Visima vinavuta kutoka hapo. Ukivuta pole, unapata maji matamu. Wakivuta wengi, kwa nguvu, karibu na pwani, chumvi inapanda. Ndiyo sababu ukanda wa maweni wa mashariki na kusini maji yake mengi yana ukakasi, chai haikolei na sabuni haitoi povu. Na lile jiwe linalopitisha mvua linapitisha pia kila kitu kinachotoka kwenye karo la choo. Mtaa ulioota bila mpango, karo hapa na kisima pale, unakunywa kwa jirani. Kipindupindu cha 2015 na 2016 hakikuja na upepo. Basi usiulize "maji yapo?" Kila dalali atakwambia yapo. Uliza yanatoka wapi, siku gani, saa ngapi, na uende saa hiyo hiyo ukafungue bomba la jirani.

Mvua ikizidi, maji hayahayo hutafuta bonde. Viwanja vingi huuzwa kiangazi, vikiwa vikavu na vimefyekwa, vinapendeza. Vikague masika, kati ya Machi na Mei. Kama huwezi kusubiri, tazama kuta za nyumba za karibu, chini, usawa wa goti: mstari wa rangi ya udongo unaopita nyumba tatu mfululizo haukuchorwa na watoto. Hata majina yanasaidia. Si ushahidi, lakini mtaa unaoitwa Ziwani au Kibondeni haukupewa jina hilo kwa mapenzi tu.

Nauli nayo ihesabiwe. Tuseme gari ni shilingi 700 na watu watatu wanatoka kila siku, kwenda na kurudi, siku 26. Ni safari 156, karibu shilingi 109,000 kwa mwezi, na hapo hamjabadilisha gari njiani wala hamjachukua boda usiku. Tofauti ya kodi kati ya Fuoni na Ng'ambo mara nyingi inaishia hapo hapo kwa konda. Kwa hawa wawili hesabu ina mkunjo wake: mume anakwenda shamba asubuhi wakati magari yanaingia mjini yamejaa, kwa hiyo yeye anapata kiti. Mke, akihamia nyuma ya Mwanakwerekwe, ndiye atakayesimama.

Pwani na Fumba, kwa ufupi

Paje, Jambiani, Nungwi: kama riziki yako ni hoteli, kaa huko, usihangaike na kusafiri. Kama riziki yako iko mjini, usikae huko kwa ajili ya upepo. Upepo wenyewe una chumvi inayokula bati, bawaba na friji. Fumba na majumba yake mapya ni hesabu nyingine. Kwa sheria ya 2010 mtu anaweza kumiliki fleti peke yake, hata mgeni, bila kumiliki ardhi. Njia zipo, taka zinazolewa. Ila uliza malipo ya huduma ya kila mwezi, kwa sababu hayo hayaishi hata ukimaliza kulipia fleti.

Na Pemba?

Mumewe asili yake Wete, kwa hiyo lilikuja lenyewe. "Tungerudi Pemba, mjomba?" Alilisema kwa utani, lakini hakuwa anatania.

Pemba ina watu 543,441 kwa sensa ya 2022, chini ya theluthi moja ya Wazanzibari wote. Ardhi yake ni ya vilima na rutuba, mvua haina ubahili, muhogo na ndizi vinatoka nyuma ya nyumba, na ukiwa na mikarafuu msimu mzuri unaweza kukupandishia ukuta mzima. Kodi ya Chake au Wete ukimtajia mtu wa mjini Unguja atadhani umekosea. Tangu 2010 umeme unatoka Tanga chini ya bahari, zile siku za majenereta ya Wesha zimepita. Mwalimu anahitajika kila mahali, na muuguzi pia. Mkoani kuna Hospitali ya Abdalla Mzee, Chake na Wete zao zipo.

Kinachopungua ni mlango wa pili. Unguja ukikosana na kazi moja unatafuta nyengine mtaa wa pili. Pemba ukiacha kazi ya Serikali, karafuu, bahari na duka, unabaki na maombi. Matibabu mengine yanataka kuvuka. Na kuvuka, kwa sisi tuliozika watu wa meli ya Spice Islander iliyozama mwaka 2011, si neno la kutamka bila kumeza mate, ingawa boti za sasa si zile. Kwa upande wa tatu wa swali, pa kuwa na watu, kijana yule hana pahala pazuri zaidi duniani: ukoo wake mwingi uko Wete. Kwa mkewe, aliyezaliwa Ng'ambo, Wete angekuwa mgeni mwenye kuheshimiwa sana, na ugeni wa heshima unachosha kuliko ugeni mwengine wote.

Sikuwaambia wafanye nini. Nilisema tu kwamba kama ni shauri langu, walale Kiponda mwaka mmoja au miwili kwa ajili ya zamu za mke, ya bibi waiandike kwanza ndipo wanunue bati, na kiwanja wasikifanye nyumba kabla hakijawa kiwanja. Mume akasema bei ile haitangoja. Nikamwambia twende basi.

Tulikwenda Jumamosi, mwezi wa nne, mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile. Mwenye kuuza alitupokea vizuri, kijana mchangamfu, viatu vyake mkononi na suruali kaikunja. Kiwanja kilikuwa na maji ya kifundo cha mguu, yametulia, mawingu yanaonekana ndani. "Haya ya leo tu," akasema, "jioni hamtayaona." Mpwa wangu hakumjibu. Alikuwa anatazama nyumba ya jirani, ambako mtoto wa skuli alikuwa anatoka mlangoni kwenda njiani bila kukanyaga maji, anaruka juu ya matofali yaliyopangwa mstari, moja baada ya jengine, kama hatua za mtu mzima. Akainama akalishika la mwisho. Lilikuwa la kijani juu, lina utelezi, na pembeni mwake jani la gugu lilikuwa limeshaota na kukomaa.

"Mjomba," akasema, "tofali linakaa muda gani majini mpaka liote hivi?"